Dakika Mbili za Picha

Kwenye karakana ya mabasi ya mji kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani, na pengine ndiyo maana iliheshimiwa kuliko zote zilizoandikwa. Fundi anayeshughulikia basi hutundika kitu chake kwenye usukani. Kitu chake mwenyewe, kinachojulikana na wote. Fundi wa injini alikuwa na kofia ya sufu iliyotoboka. Fundi umeme alitundika mkanda wake wa suruali, akawa anafanya kazi huku mkono mmoja umeshika kiuno. Mama Nati alikuwa na kitambaa chake cha kichwa, cha rangi ya chungwa kali ambayo hata ukiwa unasinzia ingekuamsha. Dereva akipanda na kukuta kitu kimetundikwa, anashuka bila kuuliza. Akikuta usukani mtupu na saa yake imefika, anawasha na kwenda zake.

Jina hilo la Mama Nati alilipata pale pale, tena kwa kuchekwa. Aliingia karakana kama mfagizi, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila nati aliyoiokota sakafuni aliipeleka kwa mafundi na kuwauliza, "Hii imetoka wapi?" Wakawa wanamkimbia. "Mama Nati huyo anakuja, jifanye umelala!" Kumbe mwenzao hakuuliza kwa uchokozi, alikuwa anajifunza. Mwaka wa tatu aliweza kuishika nati kiganjani, macho yamefumbwa, akakwambia ni ya gurudumu la mbele au la nyuma. Mwaka wa tano fundi wa magurudumu alistaafu, na kijana aliyewekwa mahali pake akawa anamwita mfagizi pembeni na kumnong'oneza maswali. Meneja alipogundua, alisema fagio litafutiwe mtu mwingine.

Mdogo wake wa mwisho ndiye aliyekuwa dereva wa basi la hospitali. Huyo walimwita Dakika, maana katika miaka kumi na moja hakuwahi kuondoka dakika moja kabla wala dakika moja baada. Mama yao alipofariki, Dakika alikuwa na umri wa miaka saba, na dada yake ndiye aliyemlea, kwa ukali na kwa masihara, mpaka akaota ndevu. Kazini waliongea kama wanaogombana. Watu wasiowajua walidhani hawapatani.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa asubuhi ile.

Basi la Dakika lilikuwa limepata msumari kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Mama Nati alitundika kitambaa chake, akapiga jeki, akatoa gurudumu na kuweka jingine. Nati kumi akazizungusha kwa vidole, akazigusa kidogo kwa spana fupi, kisha akashusha jeki. Ni lazima ishuke. Gurudumu la basi halikazwi likiwa hewani. Hukazwa likiwa limekanyaga chini, limebeba uzito wake. Hapo ndipo fundi anapopachika spana kubwa, anaingiza bomba refu kwenye mpini wa spana, anaegemea kwa mwili mzima, nati moja upande huu na ya pili upande wa pili, mpaka chuma kilie. Mama Nati alikwisha kuisukuma jeki pembeni, kwa kuwa hapendi vitu vya kujikwaa. Alikuwa anainama kuchukua bomba.

"Mama Nati!" Meneja huyo, amesimama mlangoni mwa ofisi na tai shingoni, kitu ambacho hakikuonekana kila siku. "Wageni wa makao makuu wamefika. Wanataka kupiga picha na wewe."

"Na mimi? Nimeiba nini?"

"Fundi mwanamke, mama! Wamekuona kwenye orodha, wamefurahi. Dakika mbili tu. Ila jifunge kichwa basi, nywele zimejaa grisi."

Alicheka. Akajipapasa nywele, akaona aibu. Kitambaa kilikuwa kwenye usukani. Akapanda ngazi ya basi, akanyoosha mkono, na mkono wenyewe ukasita. Hilo alilikumbuka baadaye, na lilimchoma kuliko mengine yote: kwamba mkono ulijua, ukasita, naye akaulazimisha. Dakika mbili tu. Akakichukua, akajifunga vizuri, akaenda kupiga picha.

Picha haikuwa ya dakika mbili. Walimsimamisha mbele ya basi jipya ambalo hajawahi kuligusa. Wakamwambia ashike spana, akaishika. Wakamwambia acheke, akacheka. Mgeni mmoja akamwuliza kama si kazi nzito kwa mwanamke, naye akamjibu, "Ukitaka kujua, mwanangu, shika wewe ule upande wa pili." Wote wakaangua kicheko, ikabidi wapige picha nyingine. Robo saa ikapita.

Aliporudi, pale lilipokuwa basi palikuwa na doa la mafuta, jeki, na bomba limelala peke yake.

Kwanza akili yake ilikataa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyesahau alipoegesha. Halafu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa mbili na dakika tano. Basi la hospitali huondoka saa mbili kamili.

Alikimbia hadi getini, huku akibonyeza namba ya mdogo wake. Simu ikaita. Ikaita karibu, karibu mno. Mzee wa Geti alivuta mtoto wa meza yake, na humo ndani, kati ya simu nyingine nane za madereva, moja ilikuwa inatetemeka na kuwaka taa.

"Si wanaziacha hapa?" Mzee wa Geti alisema. "Tangu ile ajali ya mwaka juzi. Si wewe mwenyewe uliyepiga kelele kwenye kikao kwamba wasiendeshe na simu?"

Ni yeye. Alipiga kelele sana siku hiyo.

"Mzee, ametoka na nati za vidole."

Mzee wa Geti alikuwa mlinzi wa mabasi kwa muda mrefu, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alisimama. "Gari la Meneja lipo."

"Foleni mpaka sokoni. Gari litakaa." Alikuwa anahesabu njia kichwani. Mpaka sokoni basi linatambaa, na nati za vidole huvumilia kutambaa. Baada ya reli barabara inafunguka, na ina mashimo. Kisha kituo cha tenki la maji, juu kabisa. Baada ya hapo ni mteremko wa hospitali, kilomita moja na nusu, kona tatu, na upande wa kushoto ukuta mfupi, chini yake mapaa ya nyumba za watu. Basi la asubuhi linabeba watu sitini, waliokaa na waliosimama.

"Nipe baiskeli yako."

"Mama, wewe na goti lako hilo..."

"Nipe baiskeli, Mzee! Halafu piga simu kwa kila mtu unayemjua anayekaa juu kwenye tenki!"

Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, ya kiume, iliyopakwa mafuta kila wiki na kupendwa kuliko ndugu wengine. Alikunja ovaroli, akarusha mguu juu ya bomba la katikati, goti likapiga kelele, naye akalipigia kelele zaidi. Miaka kumi na miwili hajapanda baiskeli. Mita hamsini za kwanza aliyumba kama mlevi. Baada ya hapo mwili ukakumbuka.

Foleni ilikuwa imeshonana. Magari madogo kushoto na kulia, malori yakipumua moshi usoni, na katikati pametoka kijinjia chembamba kama mshono. Humo ndimo alimojitosa. Kioo cha gari moja kikagusa bega lake, kikakunjika. Dereva akatoa kichwa.

"We mama! Barabara ni ya baba yako?"

"Ingekuwa ya baba, wewe usingepita!"

Hakugeuka kuona kama anafuatwa. Kila basi aliloliona mbele moyo ulimruka, na kila alipolikaribia lilikuwa la rangi nyingine. Kijasho kilimwingia machoni. Alikuwa anajisemea kwa sauti, kama mtu anayesoma dua, "Tambaa, mdogo wangu. Tambaa hivyo hivyo. Leo chelewa. Leo tu, chelewa." Mtu aliyejulikana mji mzima kwa kutochelewa.

Sokoni foleni ilikatika, na akaliona. Mkia wa basi, mstari wa bluu, namba aliyoipaka rangi mwenyewe. Lilikuwa linavuka reli. Akasimama juu ya pedali na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Zikiwa zimebaki mita mia, kengele ikaanza kulia, na vizuizi vikashuka taratibu mbele ya pua yake. Treni ya mizigo.

Ng'ambo ya reli, basi likakunja kona na kupotea.

Hapo kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, la chuma, ngazi arobaini kwenda juu. Alitazama treni ikija, behewa baada ya behewa, bila mwisho. Akaitia baiskeli begani. Watu wakampisha. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe akamshangaa: "Mama, weka chini, treni itapita tu!" Akaendelea kupanda. Kwenye ngazi ya ishirini goti lilikufa ganzi. Kwenye ya thelathini aliona nyota. Kijana yule, bila kuambiwa, akashika gurudumu la nyuma na kusukuma kutoka chini, huku akilalamika kuhusu shati lake.

Kutoka juu ya daraja aliona ramani nzima. Barabara ya magari ilizunguka mbali, ikapita shule, ikapita kituo cha mafuta, ndipo ikapanda kwenda kwenye tenki. Lakini uchochoro wa mafundi cherehani ulikwenda moja kwa moja. Basi lilikuwa shuleni, limesimama kituoni, linapakia watu zaidi.

"Asante, mwanangu," alimwambia kijana. "Shati nitalifua."

Uchochoroni hapakuwa na magari, kulikuwa na watu, vitambaa vilivyotundikwa, pasi za moto, na meza zilizotoka nje hadi njiani. Alipiga kengele mfululizo. "Pisha! Pisha, breki hazipo!" Breki zilikuwepo, lakini watu hupisha haraka zaidi wakidhani hazipo. Gauni moja la harusi likamfunika kichwa, akalitoa kwa mkono mmoja na kulirusha nyuma, akafuatwa na matusi ya kila aina.

Alitokea kwenye kituo cha tenki la maji akiwa hana pumzi. Watu kama kumi na watano walikuwa wamejipanga; kama Mzee wa Geti alimpata mtu kwa simu, hakuwa pale. Akatazama chini barabarani. Basi lilikuwa linapanda.

Akatoka mbele ya mstari, akapunga mikono.

"Hee, huyu naye!" mwanamke mmoja akasema. "Sisi tumekaa hapa tangu alfajiri, yeye anakuja na baiskeli na bado anataka basi!"

Watu wakaanza kupunga mikono nao, maana basi la kabla ya hapo lilikuwa limewapita. Mama Nati akawa mkono mmoja kati ya mikono thelathini. Basi likakaribia, na taa zake zikawaka mara mbili, wala hakuhitaji kuambiwa maana yake: limejaa, silisimamishi. Dakika alikuwa mtu wa kanuni. Basi likijaa, halisimami. Hata macho hakuyatupa kituoni, ili asije akamwonea mtu huruma.

Likapunguza mwendo kwa ajili ya tuta lililokuwa mbele ya kituo. Gurudumu la kushoto likapita hatua nne kutoka kwake, na katikati ya kelele za injini na za watu, sikio lake likasikia. Tak. Tak. Tak. Sauti ndogo, kavu, ya chuma kinachocheza ndani ya tundu lake. Kwenye mzunguko wa nati aliona nafasi mbili tupu.

Mbele ya tuta barabara inaanza kuinama.

Hakufikiri. Aliikamata baiskeli kwa usukani na kiti, akakimbia sambamba na mlango wa mbele, akampita kidogo dereva kwa kuwa tuta lilikuwa bado halijamalizika, na akaisukuma baiskeli ya watu mbele ya basi.

Sauti yake ilikuwa mbaya. Breki zikalia, watu ndani wakapiga yowe moja, na basi likatulia, limelalia upande wa kushoto, baiskeli imekunjwa chini ya bampa kama kiti cha kukunja.

Dakika aliruka chini, uso umepauka. Alidhani ameua mtu. Alipomwona aliyesimama pale, hofu ikageuka hasira papo hapo.

"Dada! Una wazimu? Dada! Nina watu sitini humu ndani!"

Yeye alikwisha kupiga magoti kando ya gurudumu. Akaweka vidole kwenye nati ya kwanza. Ilizunguka. Ya pili, ikazunguka. Ya tatu ikamwangukia kiganjani, ya moto, akaishika hivyo hivyo. Mbili hazikuwepo. Akaliweka bega kwenye tairi akalisukuma, nalo gurudumu likacheza, kwa kiasi ambacho hata abiria waliokuwa wakichungulia madirishani walikiona.

Dakika alitazama gurudumu. Kisha akatazama barabara, pale inapokunja kona ya kwanza na kupotea. Akakaa chini kwenye lami.

Kelele zikaanza. Mwanaume mmoja mwenye mkoba alitaka kujua atafikaje kazini. Mama mmoja aliyebeba trei ya mayai alishuka akihesabu yaliyopona. Mwingine alisema mabasi ya mji huu ni majeneza, na mwenzake akamjibu kwamba jeneza angalau lina nafasi ya kulala.

Simu ya Mama Nati ikaita. Meneja.

"Mzee wa Geti ameniambia. Umelipata?"

"Nimelipata. Limesimama kwenye tenki."

"Asante Mungu. Asante Mungu." Akavuta pumzi. Kisha sauti ikabadilika, ikashuka, kama ya mtu anayezungumza akiwa karibu na wageni. "Sasa sikiliza. Azima spana popote, zikaze, basi liendelee. Tusifanye jambo kubwa. Kituo kimebaki kimoja tu."

"Haliendi."

"Mama Nati..."

"Nati zimecheza, matundu yameliwa. Nikizikaza sasa zitaonekana zimekazika, kumbe hazishiki. Haliendi, Meneja. Tuma gari la kuvuta."

"Na nikuulize, ni nani aliyetoa alama kwenye usukani? Maana dereva hawezi kuondoka hivi hivi. Mfagizi? Huyu mpya?"

Abiria walikuwa wamesogea. Mwenye mkoba alikuwa amekaza macho kwake. Mdogo wake pia, kutoka kule chini alikokaa. Alikuwa na sekunde moja ya kumsingizia mfagizi, au ya kusema kweli.

"Kitambaa nilikitoa mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwa ajili ya picha. Basi halikuwa limekwisha, nikakitoa, nikaenda kucheka na wageni. Andika hivyo hivyo."

Akakata simu. Akawageukia abiria. "Mmesikia. Kosa ni langu, si la dereva. Na basi haliendi. Wanaoweza kutembea, hospitali ni chini hapo. Wasioweza, kaeni kivulini, mimi nitawasimamishia magari."

Mwenye mkoba alifungua mdomo, akautazama ule mteremko, akaufunga. Akaanza kutembea. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa minong'ono. Mwenye mayai alipompita alisimama, akasema, "Wewe ni mtu mbaya," halafu akafikiri, akasema, "Yamevunjika manane tu," akaendelea na safari yake. Mama Nati alisimamisha magari madogo matatu kwa mkono na kwa ukali, akapakia wazee wawili, mjamzito, na mtu mwenye mguu wa plasta. Hakuna dereva aliyethubutu kumkatalia.

Palipotulia, alirudi na kukaa kwenye ukingo wa barabara. Alitaka kumwambia mdogo wake kitu, akaanza mara mbili.

"Mdogo wangu..."

"Usiseme," Dakika alimwambia. "Usiseme kwanza, dada."

Akasimama, akajipangusa suruali. Akapanda ndani ya basi, akafungua kisanduku cha chini ya kiti cha dereva, akashuka na spana ya dharura ambayo kwa miaka kumi na moja ilikuwa bado na karatasi yake ya dukani. Akaichana karatasi. Akaenda upande wa kulia, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaipachika spana kwenye nati ya kwanza na kuivuta. Haikusogea. Akaenda ya pili.

Dada yake alimtazama kwa mbali. Kila nati aliyoigusa, yeye aliisikia mwilini.

"Hilo nililikaza wiki iliyopita," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sijauliza lini."

Akamaliza kumi zile, akaenda nyuma, kwenye tairi pacha. Alikuwa hajui hata kuishika spana. Aliishika kama mwiko. Mama Nati alijizuia, akajizuia, halafu akashindwa.

"Shika mwisho wake kabisa. Mwishoni ndipo pana nguvu."

Dakika aliendelea kumpa mgongo. Kisha mkono wake ukateleza taratibu mpaka mwisho wa spana.

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa egemea."

Akaegemea.